Jambia la babu lenye mpini wa mpingo: tuling'arishe na kulibadilisha mpini, au tuliache lilivyo?

MjukuuWaMikindani

Assalaam alaykum, wakubwa zangu na wenzangu. Naandika kutoka Mikindani, na nahitaji ushauri wa watu wanaojua chuma, kwa kuwa nyumbani tumeshindwa kuelewana.

Tuna jambia ambalo limekaa katika ukoo wetu tangu wakati wa baba yake babu. Babu alilivaa siku aliyomwoa bibi, baba akalivaa siku yake, na sasa mdogo wangu anatarajia kuoa mara baada ya mfungo wa Ramadhani, naye angependa kulivaa juu ya joho kama walivyofanya wazee wake. Kwa miaka mingi limehifadhiwa sandukuni, katika nyumba ya mawe iliyo karibu na bahari kiasi kwamba maji yakijaa unayasikia ukiwa kitandani, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa jinsi hewa ya chumvi inavyokula chuma.

Bapa lina urefu wa shubiri moja na zaidi kidogo, limepinda, lina makali pande zote mbili, na katikati, kutoka mpinini hadi nchani, pameinuka mstari kama uti wa samaki. Kutu imeanzia karibu na mpini na kuenea; mahali pengine ni nyeusi na imeshikamana, mahali pengine ni ya rangi ya chungwa na huacha unga kidoleni. Ala ni ya mti uliovikwa ngozi, ina fedha iliyosawijika na pete nne za kupitishia mkanda, moja ikiwa imekatika. Mpini si wa pembe. Ni wa mti mweusi, mzito, umefungwa kwa ribiti mbili, na hata mimi nisiye fundi natambua kuwa ni mpingo.

Hapo ndipo mzozo ulipo. Ami yangu anasema kuwa jambia la haki huwa na mpini wa pembe ya kifaru, kwamba mpingo huu ni kiraka kinachotuaibisha mbele ya wakwe, na kwamba tulipeleke mjini bapa likapigwe mashine mpaka ling'ae kama kioo, kisha tutafute mpini mwingine. Jirani naye amedokeza kuwa yupo mgeni anayenunua vitu vya kale kwa bei nzuri. Bibi amekataa yote mawili, ila hakutoa sababu. Amesema tu kwamba mpini huo usitolewe angali hai. Nawaombeni mnieleze: kutu hii iondolewe vipi, na je, mpini wa mpingo ni kasoro?

FundiChumaNewala

Waalaykumu salaam, kijana wetu. Mimi ni mhunzi hapa Newala. Kazi nimerithi kwa mjomba wangu, naye kwa mjomba wake, na siku nyingi nafua visu, majembe na tezo za wachongaji kutokana na springi za magari makuukuu. Kabla ya jambo lolote nakuomba jambia hilo lisiguswe na mashine.

Mhunzi anapotengeneza bapa hulipasha moto hadi liwe jekundu kama kaa, kisha hulichovya ghafla majini au kwenye mafuta, na hapo pua, yaani kile chuma kigumu cha kufulia visu, huwa ngumu, lakini pia huwa rahisi kuvunjika kama kigae. Kwa hiyo hulirudisha motoni kwa upole, akitazama rangi zinazopita juu ya chuma kilichosuguliwa: kwanza njano ya majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, mwisho buluu. Akitaka makali yanayodumu hukomea kwenye njano, joto la nyuzi 220 au 230 hivi. Akiliacha lifike buluu, karibu na nyuzi 300, amepata springi na amekosa wembe. Jiwe la mashine linalozunguka kwa kasi huweza kuyafikisha makali membamba kwenye buluu hiyo kabla hujamaliza kusema Bismillahi. Utaona jambia linang'aa, nawe hutajua kuwa kazi ya yule aliyekesha mbele ya mivuo, ile mifuko ya kupulizia moto, imekwisha kufutwa.

Sasa fanya jambo moja ambalo halihitaji kifaa chochote. Lishike bapa kwa dole gumba na kidole cha shahada karibu na mpini, juu ya ule mstari wa katikati, kisha usogeze vidole taratibu kuelekea nchani. Ukihisi unene unapungua kidogo kidogo njia nzima, bila kuruka, umeshika kazi ya nyundo. Kisu kilichokatwa kutoka kwenye bamba la kiwandani huwa na unene uleule mwanzo hadi mwisho, isipokuwa pale kilipotiwa makali. Kupunguza unene kwa nyundo, huku pande zote mbili zikibaki sawa na mgongo ukibaki katikati, ni jambo ambalo mimi mwenyewe nililiharibu mara nyingi kabla ya mjomba kuniruhusu kumuuzia mtu kisu.

Mgongo huo nao una kazi. Bati tambarare hujikunja kwa mkono mmoja, lakini bati lenye migongo hukaa juu ya kenchi likabeba mtu. Jambia linatumia akili hiyohiyo: chuma kidogo, wepesi kiunoni, na bado halipindi likisukumwa. Aliyelibuni alijua chuma vizuri sana.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu niliwahi kuletewa upanga wa mzee mmoja, mrefu, wenye makali pande mbili, ambao wajukuu walikuwa wameupeleka kwenye karakana fulani ili usafishwe. Ulikuwa mweupe kama kijiko kipya. Mzee akanionesha kwa kucha mahali ambapo, tangu utoto wake, palikuwa na picha ya mnyama anayekimbia, "kama mbwa," alisema, iliyochorwa kwa mistari michache. Palikuwa laini. Alikuwa ananiuliza kama naweza kuirudisha, na sikuwa na la kumjibu.

MamaWaMasasi

Kijana, sisi visu vya jikoni vikishika kutu tunavisugua kwa ndimu na majivu, kisha tunavisuuza na kuvianika juani. Vinatoka safi kabisa wala havihitaji fundi wala gharama. Naamini hata jambia litakubali, ila usilisahau likiwa na ndimu usiku kucha, kwa maana nimeona kisu kikitoboka vishimo vidogovidogo kwa namna hiyo.

MwalimuWaLindi

Nianze na Mama wa Masasi, kwa sababu ameeleza dawa na hatari yake kwa pamoja. Ndimu inatumika hata kwa silaha za thamani kubwa: huko Java, keris, ambayo ni jambia ambalo mara nyingi bapa lake lina mawimbi yanayohesabiwa kwa idadi ya witiri, husafishwa kwa maji ya ndimu katika mwezi wa Suro, ambao ndio Muharram yetu. Lakini huko ndimu hutangulia tu. Baada yake bapa hupakwa mchanganyiko wenye zarniki, ambayo ni sumu, ili chuma cha kawaida kiwe cheusi na kile chenye nikeli kibaki cheupe, na ndipo mapambo yaliyofuliwa ndani ya chuma yanapojitokeza. Kazi hiyo hufanywa na watu walioisomea maisha yao yote. Jambia la Mikindani halina tabaka za namna hiyo za kuoneshwa, kwa hiyo ndimu italila tu. Vilevile lisianikwe juani, kwa kuwa msuka wa jambia, yaani ule ulimi wa chuma unaoingia mpinini, kwa desturi hukazwa kwa ulimbo au lami, na joto huilainisha hadi bapa likalegea.

Nakuja kwa ami, ambaye nadhani ameshika ukweli nusu. Ni kweli kwamba Yemen mpini wa pembe ya kifaru ndio uliotukuzwa kuliko yote. Oman, ambako khanjar, yaani jambia la huko, imekaa hata kwenye bendera ya nchi tangu mwaka 1970, mipini ilitengenezwa pia kwa pembe za ndovu na kwa msandali. Hakuna jambia ambalo ni kazi ya mtu mmoja: mhunzi hufua bapa, mchongaji huchonga mpini, mshona ngozi huvika ala, sonara hufuma nyuzi za fedha, na fedha yenyewe mara nyingi ilipatikana kwa kuyeyusha riale za Maria Theresa, zile sarafu zenye mwaka 1780 ambazo ziliendelea kupigwa kwa mwaka huohuo vizazi na vizazi, kila moja ikiwa na gramu 28 hivi, na fedha safi sehemu 833 katika kila elfu. Pete nne ulizozitaja ni za kawaida kwa Oman. Zile za pete saba hunasibishwa na ukoo wa watawala, Al Said. Kati ya sehemu zote hizo, mpini ndio unaoshikwa, unaoanguka na unaopasuka, na ndio uliobadilishwa mara nyingi kila mahali. Jambia lililovuka bahari likapata mpini wa mti wa kwetu linaonesha njia lililopita. Tena, biashara ya kimataifa ya pembe za kifaru imekatazwa tangu mwaka 1977, kwa hiyo mpini ambao ami anautamani hauna mlango halali wa kuupitia.

Ndugu Fundi wa Newala amenihuzunisha kwa habari ya upanga ule. Alama ya mbwa mwitu anayekimbia, iliyochorwa kwa mistari michache kama watoto wanavyochora, ilikuwa ya wafua panga wa Passau na baadaye Solingen, Ujerumani, na bapa za Solingen zilisafirishwa kwa wingi hadi Arabuni na Afrika, zikatiwa mipini ya huko. Mzee yule alikuwa na alama iliyoweza kumwambia upanga wake ulitoka upande gani wa dunia.

Kwa sababu hiyo napenda sana desturi ya Wajapani. Katana, yaani upanga wao, husuguliwa na mtaalamu kwa mawe ya kila daraja, kutoka yanayokwaruza hadi laini kama unga, mpaka unaona ule mstari mweupe wa mawingu kando ya makali, uliotokana na kupakwa udongo mnene mgongoni na mwembamba kwenye makali kabla ya kuchovywa majini. Lakini mtaalamu huyohuyo hagusi msuka. Kutu ya msuka huachwa ikawa nyeusi mwaka hadi mwaka, kwa kuwa hapo ndipo fundi alipochonga jina lake, na rangi ya kutu ni mojawapo ya njia za kupima umri wa upanga. Anayeusafisha msuka amefuta cheti cha kuzaliwa. Na mpini wao, nawaambia wavuvi wa Mikindani mjue, chini ya zile kamba zilizosukwa huvikwa ngozi ya taa, kwa sababu vipele vyake huzuia kamba isiteleze.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa baadhi yetu bado tunadhani kuwa chuma kizuri kililetwa tu na majahazi. Al-Idrisi, mwanajiografia wa zamani aliyekamilisha kitabu chake huko Sicily mwaka 1154, aliandika habari za chuma cha pwani yetu, cha Malindi na cha Sofala, na kwamba chuma cha Sofala kilinunuliwa na kupelekwa Bara Hindi. Hukohuko kusini mwa Bara Hindi na Sri Lanka ndiko ilikotoka pua iliyoyeyushwa ndani ya vyungu vya udongo vilivyozibwa, ambayo dunia iliita pua ya Dameski. Na Wahaya wa Kagera walikuwa wakipata pua katika matanuri yao kwa kuingiza vifereji vya udongo ndani kabisa ya tanuri, upepo wa mivuo ukapata moto kabla ya kufika kwenye makaa. Watafiti Schmidt na Avery waliieleza dunia jambo hilo mwaka 1978.

Kuhusu mgeni mnunuzi, mwambieni jirani kwa upole kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazuia kusafirisha nje vitu vya kale bila kibali, na vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 vimetajwa waziwazi.

MchongajiChikongola

Nachonga mpingo hapa Chikongola, Mtwara, na nimesoma neno "kiraka" nikasikitika. Mpingo ni mti ambao ukiutupa majini unazama. Unakula makali ya tezo kiasi kwamba siku ya kazi ngumu nanoa mara nyingi kuliko ninavyokata. Mtu aliyechagua kutoboa mpingo ili msuka uingie, tena bila mashine, hakuwa anatafuta njia ya mkato.

Tazama mpini chini ya mwanga wa pembeni, asubuhi au jioni, jua likiwa chini. Kama ni kazi ya zamani utaona vibapa vidogovidogo vya tezo ambavyo havikuisha, na juu yake ulaini usio na mikwaruzo iliyonyooka. Wazee walilainisha kwa majani ya msasa, yale yanayokwaruza ulimi wa mbuzi, na hayo hayaachi mistari kama karatasi ya dukani iliyochukua jina lake. Tazama pia kama upande mmoja una mshipa wa rangi ya maziwa. Hiyo ni nyama ya nje ya mti, na fundi wa biashara huiondoa yote. Fundi aliyekuwa na kipande kimoja tu huiacha mahali ambapo kiganja kitaificha.

Usiupake mafuta ya nazi, kwa sababu yatachacha na kuvuta vumbi kwenye nafasi iliyo kati ya mti na chuma. Kitambaa kikavu kinatosha.

FundiChumaNewala

Nakubaliana na Mchongaji, na kwa bapa nakupa utaratibu. Weka tone la mafuta ya cherehani juu ya kutu ya chungwa peke yake, uliache usiku mmoja, kisha ufute kwa kitambaa cha pamba kilichochakaa. Rudia hata siku kumi. Ile nyeusi iliyoshikamana iache, kwa kuwa imekwisha kutulia na sasa inalilinda bapa. Wajapani nao hupaka mafuta, na yale ya asili yana harufu ya karafuu. Ukimaliza, usilirudishe ndani ya ala kwa kulihifadhi. Ngozi hushika unyevu na dawa zilizotumika kuilainisha hula chuma. Lifunge kwa kitambaa, ala ikae kando, na liingizwe alani siku ya harusi tu.

MjukuuWaMikindani

Nimerudi baada ya siku kumi na mbili, na nawashukuruni nyote. Nilipima kwa vidole kama Fundi alivyosema, na unene unapungua kutoka mpinini hadi nchani kama mkia wa samaki unavyokwisha. Mchongaji naye, mshipa wa maziwa upo, upande unaokaa kwenye kiganja, na sikuwahi kuuona miaka yote hii.

Nilipokuwa nikifuta unga wa chungwa kuzunguka ribiti ya juu, niliona kuwa kichwa chake hakikukaa moja kwa moja juu ya mti. Chini yake pana washa ya shaba nyekundu, iliyokatwa kwa patasi bila mviringo kamili, na ukingoni zimebaki herufi tatu: LER. Nilimpelekea bibi kibarazani, nikamsomea majibu yenu yote, nikamwonesha herufi hizo kwa kioo cha kukuzia. Alikaa kimya, kisha akanieleza alichoambiwa na mama mkwe wake. Mpini wa kwanza ulikuwa wa pembe kweli. Baba yake babu aliuvua akauuza kwa vibaba vya mtama wakati wa njaa, akabaki na bapa tupu, na baadaye akauchonga huu kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na mtoto wa kiume na alijua siku moja ataoa. Bibi hakutaka kulisema hilo mbele ya ami, asije akaona kuwa mzee wake anatajwa kwa umaskini.

Ami alisikia akiwa mlangoni. Aliliomba jambia, akaushika mpini muda mrefu, na habari ya mashine haijatajwa tena. Jana amekwenda kumtafuta sonara wa kuunga ile pete iliyokatika.

MwalimuWaLindi

Kijana wangu, herufi hizo ni za neno HELLER. Hiyo ni sarafu ndogo ya shaba ambayo Wajerumani walianza kuitoa hapa mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja, na ndiyo iliyotuachia neno hela. Mpini huo, basi, haukufungwa kabla ya mwaka huo. Na njaa kubwa ya upande wetu huu wa kusini ilifuata Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, baada ya jeshi la Wajerumani kuchoma mashamba na maghala.

Mwambie sonara aiguse pete peke yake, na ribiti asiifungue wala asiipake dawa ya kung'arisha. Kabla ya siku ya harusi, lipigeni picha pande zote, ile washa kwa karibu zaidi, na maneno ya bibi yaandikwe kwa sauti yake mwenyewe kama alivyoyasema.